Kazembe, Cazembe, Casembe: Mkutubi Mbele ya Kisanduku cha Kutafutia

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukutana hapa na habari za ngeli, vitenzi na mitihani. Safari hii tunaomba tuwatoe darasani, tuwapeleke maktabani, na kutoka maktabani tufike Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe katika bonde la mto Luapula, kaskazini mwa Zambia, kusini ya ziwa Mweru. Chanzo cha safari hii ni swali la mwanafunzi mmoja na kazi aliyoifanya mtumishi mmoja wa maktaba ili kulijibu. Mtumishi huyo ametuomba tusimtaje jina, nasi tumekubali. Tutamwita Mama Mkutubi, kama wanafunzi wetu wanavyomwita.

Mwanafunzi mwenyewe kwao ni Nchelenge, kando ya ziwa. Alikuja kwetu kusoma Kiswahili akiwa na Kibemba cha nyumbani, pamoja na Kiswahili kidogo alichookota kwa wachuuzi wa samaki wa ng'ambo, upande wa Kongo. Tulimpa kazi ya semina: aeleze jinsi wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki walivyofika kwao katika karne ya 19, na maandishi gani yanashuhudia hayo. Akaenda maktabani, akaketi mbele ya kompyuta (wapo kati yetu wanaosisitiza kusema tarakilishi, leo hatutagombana nao), akaandika "Mwansabombwe" na kubonyeza. Akapata ngoma ya Mutomboko, ramani na habari za wilaya. Mtu wa pwani hakumwona hata mmoja, na karne ya 19 haikuwepo.

"Mama, kwetu inaonekana hakuna historia," alimwambia mkutubi, nusu kwa utani.

"Ipo, mwanangu. Hujaiita kwa jina lake tu."

Baadaye Mama Mkutubi alituambia kwamba alijibu hivyo kwa kujiamini kuliko alichokuwa nacho kichwani, kwa maana yeye pia hakulijua jina lenyewe. Alikuwa na hakika tu kwamba mji uliopokea wageni wengi namna ile hauwezi kukosa maandishi. Kazi iliyofuata ilimchukua sehemu kubwa ya muhula, nasi tuliifuatilia karibu kila wiki, kwa sababu tuligundua kwamba shida aliyokuwa akipambana nayo ilikuwa shida ya lugha kabla ya kuwa shida ya mitambo.

Kadi, droo na alama ya dola

Mama Mkutubi aliingia kazini wakati katalogi ilikuwa makabati ya droo ndogondogo. Kila kitabu kilikuwa na kadi zake: moja ya mwandishi, moja ya jina la kitabu, moja au zaidi za mada. Wanafunzi wa leo huziona picha za makabati hayo wakacheka. Lakini kadi zilikuwa na kitu kimoja ambacho kisanduku cha kutafutia hakikuja nacho, nacho ni kadi ya "Angalia". Ukifungua droo ya herufi C ukakuta "Cazembe. Angalia: Kazembe", maana yake ni kwamba mtu fulani aliyekutangulia aliwahi kupotea njia hiyo, akaamua kukuwekea kibao.

Kisha ikaja programu ya CDS/ISIS. UNESCO ilianza kuigawa kwa ajili ya kompyuta ndogo mwaka 1985, bila malipo kwa maktaba za nchi zetu, na maktaba nyingi za Afrika zilifundishwa kazi kwa programu hiyo. Mama Mkutubi anaikumbuka kwa sababu ya alama ya dola. Ukiandika mwanzo wa neno na kufuatisha $, programu inakuletea maneno yote yanayoanza hivyo. Alama hiyo ilibuniwa na watu ambao maneno ya lugha zao hubadilika mkiani. Ya kwetu hubadilika kichwani. Mlunda, Walunda, Kilunda, Ulunda: dola haisaidii lolote hapo, kwa kuwa kinachobadilika kimekaa upande usio na dola. Na usidhani tatizo ni la Kiswahili peke yake. Watu wanaoitwa Wabemba kwa Kiswahili, katika vitabu vya Kiingereza vya zamani wameandikwa Awemba, katika vingine Babemba au Bemba tu. Lugha yao ni Kibemba, Cibemba, Chibemba au Icibemba kutegemea anayeandika. Mwalimu wa sarufi akiitazama orodha hiyo anaona shina moja na viambishi vyake. Mashine inaona maneno manane yasiyojuana.

Hili tunalitaja kwa kirefu kwa sababu tumewaona wanafunzi wa Kiswahili, watu wanaoweza kuchambua kitenzi mpaka kiambishi cha mwisho, wakiandika "Walunda" katika katalogi ya mtandaoni ya maktaba ya Ulaya na kuondoka na sifuri. Maarifa ya kuondoa wa- wanayo. Hakuna aliyewaambia kwamba ndiyo maarifa yanayohitajika pale.

Intaneti yenyewe ilifika Zambia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Zamnet, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Zambia, iliiunganisha nchi hiyo mwishoni mwa mwaka 1994, wakati nchi chache sana za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa na huduma hiyo. Mwaka huohuo ndipo Kamusi Project ilipoanza Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, na walimu wengi wa Kiswahili walikutana na mtandao kwa mara ya kwanza kupitia kamusi hiyo. Baadaye zikaja Internet Archive (1996), Google (1998), Wikipedia ya Kiswahili (2003), mradi wa Google wa kupiga picha vitabu (2004), na mwaka 2006 WorldCat, katalogi ya pamoja ya maelfu ya maktaba, ikafunguliwa kwa kila mtu. Mama Mkutubi alizijua zana hizi kama tulivyozijua wengi wetu: kwa kusimama nyuma ya kijana mwenye haraka na kumtazama anavyobonyeza. Ilipofika zamu ya kumsaidia mtoto wa Nchelenge, ilibidi ajifunze upya, polepole, akiwa na kalamu na karatasi pembeni.

Herufi za wageni

Karatasi hiyo tumeiona. Juu kabisa imeandikwa KAZEMBE, na chini yake safu ya majina yakiongezeka siku hadi siku.

Wareno walifika kwanza kwa maandishi. Mwaka 1798 Francisco José de Lacerda e Almeida alisafiri kutoka Tete, kwenye mto Zambezi, hadi mji wa Kazembe; akafia huko Oktoba mwaka huohuo, na shajara ikaendelezwa na padri wa msafara, Francisco João Pinto. Mwaka 1806 akafika Pedro João Baptista, mmoja wa wapombeiro wawili, yaani mawakala Waafrika wa biashara, waliotumwa kutoka Angola. Walizuiliwa pale kwa miaka kadhaa, wakafika Tete mwaka 1811, na hivyo wakawa wamevuka bara kutoka magharibi hadi mashariki zaidi ya miaka 40 kabla ya Livingstone. Mwaka 1831 ukaja msafara wa Monteiro na Gamitto, na kitabu cha Gamitto kilichapishwa Lisbon mwaka 1854 kwa jina *O Muata Cazembe*. Wote hawa wanaandika kwa C. Mwaka 1873 Richard Burton alikusanya shajara ya Lacerda, ya wapombeiro na muhtasari wa Gamitto katika kitabu kimoja cha Kiingereza, *The Lands of Cazembe*. C tena.

Livingstone alifika ziwani Novemba 1867, na siku chache baadaye akaingia mji wa Kazembe. Shajara zake zilichapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Humo mfalme ni Casembe, na ziwa ni Moero. Wafaransa na Wabelgiji wanalo Moero hadi leo. Kwa hiyo mtu anayetafuta "Kazembe" na "Mweru" kwa pamoja, kwa uangalifu wote, akiyazungushia alama za mtajo ili mashine isimletee mengine, anajifungia nje ya kitabu ambacho ndicho angekihitaji kwanza.

Jioni moja Mama Mkutubi aliandika majina yote matatu akiyatenganisha kwa neno OR kwa herufi kubwa, akabana miaka iwe kati ya 1790 na 1900, akabonyeza. Alituita. Skrini iliyokuwa tupu kwa mwanafunzi wetu ilikuwa imejaa vitabu, na vingi vilikuwa vinasomeka kurasa zote bila malipo.

Mji unaohama

Tulipokwisha kufurahi, mwanafunzi akauliza jambo ambalo sisi walimu hatukuwa tumelifikiria. Kama vitabu hivi vyote vinaeleza mji wa Kazembe, mbona hakuna kinachosema Mwansabombwe?

Jibu ni kwamba mji ulikuwa ukihama. Walunda waliotoka kwa Mwata Yamvo huko magharibi walivuka Luapula mnamo mwaka 1740 hivi, na tangu hapo mfalme mpya aliweza kujenga mji mkuu wake mpya, uitwao musumba. Mji aliouona Livingstone ulikuwa karibu na bwawa la Mofwe. Mwansabombwe ulikuja kuwa makao ya kudumu mwishoni mwa karne hiyo, na hata hapo haukukaa kwa amani: mwaka 1899 jeshi la Waingereza liliuchoma, na Kazembe wa wakati huo, Kanyembo Ntemena, akavuka mto kukimbilia upande wa pili kabla ya kurejea. Anayetafuta "Mwansabombwe" katika vitabu vya mwaka 1798, 1831 au 1867 anatafuta mji ambao haukuwa makao ya mfalme.

Majina ya juu yake nayo yanahama. Zambia ni jina la tangu mwaka 1964; kabla ya hapo andika Rhodesia ya Kaskazini. Mwansabombwe ilikuwa ndani ya wilaya ya Kawambwa hadi mwaka 2012 ilipopewa wilaya yake, kwa hiyo daftari na ripoti za maofisa wa kikoloni ziko chini ya Kawambwa. Na mwenye kufuata habari za ziwa lazima apambane na Kilwa. Zipo tatu: Kilwa tunayoijua sisi sote, yenye magofu, katika pwani ya kusini ya Tanzania, kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa Mweru, upande wa Zambia, na mji wa Kilwa katika ufuko wa Kongo. Mashine inazimwaga zote kwenye kapu moja, na ile ya pwani, kwa umaarufu wake, inaelea juu. Mama Mkutubi alijifunza kuweka alama ya kutoa mbele ya neno "Kisiwani", na nusu ya magofu ikatoweka. Tuliona ni ujanja mzuri, ingawa unaondoa pia makala yoyote iliyozitaja Kilwa zote pamoja, na hizo ndizo tungependa kuzisoma.

Jina ambalo ni kiti

Hapa tunafika mahali ambapo sisi wenyewe tulikosea, tena bila kujua.

Maktaba yetu ilipohamisha kadi zake kwenda kwenye kompyuta, kila mtu aliyetajwa katika kitabu alipewa ingizo lake katika orodha ya majina sanifu: jina moja, mtu mmoja, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Mama Mkutubi alipofungua ingizo la "Kazembe" alikuta kwamba vitabu vyote vimefungwa kwa mtu mmoja. Kwa mujibu wa katalogi yetu, mtu huyo alimpokea Lacerda mwaka 1798, akampokea Gamitto mwaka 1831, akazungumza na Livingstone mwaka 1867, kisha akatoa kitabu mwaka 1951. Mtu wa zaidi ya miaka 150, na kompyuta haikuona ajabu.

Tulicheka. Mwanafunzi wetu hakucheka. Alisema kwamba kwao hilo si kosa.

Na kweli, si kosa kwa namna lilivyoonekana kwetu. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyeishi Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya desturi hii. Mtu akifa, mrithi hachukui mali tu. Anachukua jina, anachukua mahali pa marehemu katika ukoo, na undugu uliokuwepo kati ya marehemu na wengine unaendelea kati ya warithi wao, hata kama vizazi vimepita. Anaposimulia yaliyotendwa na aliyemtangulia, anasema "mimi". Mimi nilivuka mto. Mimi nilimshinda fulani. Msikilizaji wa pale anaelewa kwamba anayesema ni kiti, na mwili uliokalia kiti ni wa leo. Mwalimu wa Kiswahili atauliza mara moja: hii ni nafsi ya kwanza umoja kweli? Tumelijadili swali hilo katika chumba cha walimu mpaka chai ikapoa, na hatukukubaliana.

Mkutubi hawezi kusubiri tukubaliane. Msomaji anataka kujua kitabu kinamhusu nani. Kwa hiyo Mama Mkutubi aliwatenganisha: Lukwesa Ilunga, wa tatu, ambaye Lacerda alifia mjini kwake, Kanyembo Keleka Mayi, wa nne, aliyewapokea wapombeiro na baadaye Gamitto, Muonga Nsemba, wa saba, aliyempokea Livingstone, Chinyanta Nankula, wa kumi na nne, mwenye kitabu. Kila mmoja akapata ingizo lake, na kila ingizo likapata "Angalia pia" kwenda kwenye jina la kiti. Ilimchukua siku mbili. Kwa maoni yetu ndiyo kazi bora kabisa aliyoifanya katika muhula ule, na haionekani popote isipokuwa kwa mtu anayetafuta na kupata.

Kitabu cha mwenye nyumba

Kitabu hicho cha mwaka 1951 kinastahili maneno zaidi. Kinaitwa *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, kwa Kibemba: wahenga wangu na watu wangu. Waweke wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisome jina hilo; *bantu bandi* na *watu wangu* watayaona ni ndugu bila kuambiwa. Ni historia ya Walunda wa Luapula kama alivyoiweka Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, pamoja na wazee wake, akisaidiwa katika uandishi na Padri Edouard Labrecque wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Chinyanta alitawala kuanzia mwaka 1941 na akafariki mwaka 1950, kabla ya kukiona kimechapishwa. Mapema katika miaka ya 1960 Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza. Ndiye huyohuyo aliyetafsiri pia kitabu cha Gamitto, mwaka 1960, safari hii kwa jina *King Kazembe*, kwa K.

Sasa tazama kinachotokea mtandaoni. Gamitto, Burton na Livingstone ni wa karne ya 19. Haki zao zimekwisha, vitabu vyao vimepigwa picha, na mtu yeyote mwenye simu anavisoma. Kitabu cha Mwata ni cha juzi kwa hesabu ya haki za uchapishaji. Sisi tulipata maelezo yake ya katalogi, hatukupata kurasa zake. Tena maelezo hayo hayakukubaliana: mahali pamoja mwandishi ni Mwata Kazembe XIV, kwingine ni Labrecque, na tafsiri mara nyingi imewekwa chini ya jina la Cunnison. Kwa hiyo zana mpya, bila mtu yeyote kukusudia, inampa mtoto wa Nchelenge mgeni wa mwaka 1798 ndani ya dakika moja, na mwenye nyumba inamweka nyuma ya mlango. Hatumlaumu yeyote. Tunasema tu kwamba anayefundisha historia kwa kutumia vinavyopatikana bure mtandaoni atafundisha kile wageni walichokiona, na hatajua kwamba amefanya hivyo.

Nakala ya tafsiri ilipatikana kwa njia ya kale: barua, maktaba nyingine, siku kumi na tisa za kusubiri.

Katika kusubiri, Mama Mkutubi aligundua jambo jingine. Jina maarufu ni ufunguo mbovu, kwa sababu linafungua milango mingi mno. Wapo watu wengi wa leo wanaoitwa Kazembe ambao hawana habari na ziwa. Jina adimu ni ufunguo mzuri. Aliandika "Nachituti". Huyo ni mwanamke wa masimulizi ya Luapula, dada yake Nkuba, mkuu wa Washila waliokuwa na nchi ile kabla ya Walunda. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake. Nachituti akaenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe, na Nkuba alipouawa, akampa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji: ndiyo nchi, na ndilo ziwa. Mpaka leo hoja za nani ana haki juu ya ardhi na nani ana haki juu ya uvuvi hurudi kwenye zawadi hiyo, na mwanahistoria David Gordon aliipa kitabu chake cha mwaka 2006 jina la mwanamke huyo. Jina moja, na mashine ikaleta karibu wote walioandika kwa makini juu ya eneo hilo, maana asiyeijua Luapula hamtaji Nachituti. Alipojaribu tena kwa tahajia ya c peke yake, Nacituti, wakaja wengine. Akaongeza kwenye karatasi.

Na Waswahili je?

Tunakaribia swali la semina. Livingstone alipoingia mji wa Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa pale miaka mingi na asiyeachiwa kuondoka. Yeye anamwandika Mohamad bin Saleh. Na kabla ya hapo, mwaka huohuo, katika nchi iliyo kati ya Tanganyika na Mweru, Livingstone alikutana na mtu anayemwita Tipo Tipo, aliyekuwa ametoka kumpiga vita Nsama wa Itawa. Huyo ni Tippu Tip. Katika vitabu vya Kiingereza vya mwanzo wa karne ya 20 ni Tippoo Tib, na kwa jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi.

Tippu Tip aliacha maisha yake kwa Kiswahili, na vita vya Nsama vimo. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, ndani ya jarida la chuo cha lugha za mashariki. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, kama kiambatisho cha jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tazama ajali ya kikatalogi: mara zote mbili kitabu kimezaliwa ndani ya jarida. Kitabu kilichozaliwa ndani ya jarida mara nyingi hakina kadi yake. Katika maktaba yetu kilikuwa kimejaladiwa pamoja na matoleo ya jarida, kwenye rafu ya chini, na katalogi ilijua jarida tu. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba kitabu hicho "hatuna". Tulikuwa nacho. Mama Mkutubi alikipata kwa kufuata maelezo ya maktaba ya nchi nyingine katika WorldCat, akasoma namba ya toleo, akainama chini ya rafu umbali wa hatua kumi kutoka kwenye kompyuta.

Mwanafunzi alikisoma kwa siku tatu, Kiswahili cha Tippu Tip upande mmoja na Livingstone upande mwingine, vita vilevile mwaka uleule kutoka pande mbili. Semina yake ilikuwa nzuri. Aliongeza pia jambo ambalo hatukumtuma. Kutoka Kongo, ambako watu wengi wa Luapula walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Katanga na kuuza samaki, alileta *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji ambao leo ni Lubumbashi, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Jina la kitabu ni la Kifaransa, maandishi ni Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990, na baadaye kikawekwa mtandaoni katika hifadhi ya Kiswahili cha kawaida cha watu. Mwanafunzi wetu alikisoma kwa urahisi kuliko sisi. Lakini kukitafuta neno kwa neno kulimshinda, kwa sababu mwandishi hakugawa maneno kama vitabu vya shule vinavyogawa: mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati. Kwa jicho la mashine hayo ni makosa. Kwa sikio la mtu aliyekua akisikia Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, ukisoma kwa sauti, yote yako sawa. Kwa hiyo ndivyo walivyofanya, yeye na Mama Mkutubi, katika chumba cha nyuma cha maktaba: yeye akisoma kwa sauti, mama akiandika namba za aya penye majina ya watu na mahali.

Siku hizi Mama Mkutubi anaziweka kadi zake za "Angalia" mahali pengine. Aligundua kwamba Wikipedia ina kurasa za kuelekeza, ambazo mtu akiandika tahajia moja zinampeleka kwenye nyingine, akasema, "Kumbe ni droo yangu hii hii." Ameanza na Casembe.

Ingizo la mwisho alilolifunga muhula ule lilikuwa la mwandishi wa kitabu cha mwaka 1951. Alimwita mwanafunzi aje alitazame kabla ya kulihifadhi. Kwenye skrini palisomeka: Chinyanta Nankula, Mwata Kazembe XIV, amefariki 1950. Chini yake, majina mengine: Cinyanta Nankula, Kazembe XIV, na Labrecque akiwa mahali pake, kama msaidizi. Kijana alilisoma mara mbili, akasema kwamba kwao hakuna anayesema "wa kumi na nne". Wanasema Mwata tu. Mama akaongeza "Mwata" kwenye orodha ya majina mengine, namba akaiacha, akabonyeza kuhifadhi.